Mtoto wa Sarah

Katika vijiji vya ukingoni mwa Tana, chini ya Garsen, alikuwako mwanamke ambaye watu wakipatwa na shida walimwendea kwanza yeye, mengine baadaye. Jina lake Loise, mke wa Danson, mkulima wa mpunga na ndizi. Hakuwa mchungaji, na kanisani hakuwa na cheo zaidi ya kuongoza akina mama, lakini alikuwa na maombi. Mke wa mtu akikwama na uchungu wa kuzaa, ataitwa Loise. Kijana akienda Mombasa kutafuta kazi na simu yake ikazimika, mama yake atakuja kwa Loise kabla ya kuweka chai mekoni. Naye alipiga magoti pale pale alipokuwa, awe shambani, awe mtoni anafua, akamweleza Mungu shida ile kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua. Na mara nyingi, ajabu, jambo likawa.

Moja tu halikuwa, nalo lilikuwa lake mwenyewe. Hakuwa na mtoto.

Aliolewa angali msichana mbichi, akaona wenzake waliosuka nywele pamoja naye wakizaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wakaanza kulalamika kwamba watoto wamekuwa wengi. Watu hawakosi la kusema. Wengine walisema maombi ya Loise yanafika kwa kila mtu ila kwake yanapita juu ya paa. Ndugu za Danson walimshauri aoe mke wa pili, na Danson, mtu mpole asiyependa maneno, aliwajibu, "Nikitaka kelele nyumbani nitafuga bata." Wakacheka, wakamwacha.

Mwaka mmoja wa mavuno mazuri alikuja mhubiri kutoka bara, akasimamisha hema na vipaza sauti pale Garsen, na watu wakamiminika kutoka vijijini. Siku ya mwisho alimnyooshea kidole Loise katikati ya umati. "Wewe mama mwenye kitambaa cha buluu! Mtoto wako yuko njiani. Lakini adui atakuletea cha kukupoza kabla yake. Usikipokee. Ngoja chako!"

Akina mama walipiga vigelegele mpaka hema likatikisika. Loise aliyabeba maneno yale kwenda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai kiganjani. Hakumjua mhubiri yule, wala mhubiri hakumjua yeye, na hilo ndilo lililomfanya aamini zaidi. Nani angemwambia shida yake kama si Mungu?

Danson alikuwa na dada mdogo, kitinda mimba wao, jina lake Sarah. Msichana mcheshi, mwepesi wa miguu, aliyekuwa akiishi na mama yao mzee. Sarah alishika mimba ya kijana mmoja wa kutengeneza barabara. Barabara ilipokwisha, kijana naye akatoweka, wala hakuacha hata jina la kwao. Wakati wa kujifungua ulipofika damu ilimtoka isikome. Gari lililoitwa lilinasa kwenye matope, na lilipofika halikuwa na wa kumchukua. Mtoto alikuwa mzima. Msichana, mweusi mzuri, amekunja ngumi kama aliyekuja tayari kugombana.

Baada ya mazishi, Danson alikaa siku kadhaa akienda kwa mama yake na kurudi. Kisha jioni moja alimkuta Loise akichagua mchele barazani, akakaa karibu naye kwenye kigoda.

"Loise. Mama hawezi. Macho yamekwisha, juzi nusura amwage uji wa moto karibu na kitoto. Nilikuwa nafikiri tumlete hapa."

"Tumlete kwa siku ngapi?"

"Kwa siku zake zote."

Mkono wa Loise ulisimama juu ya ungo. "Danson, ulisikia mwenyewe alivyosema yule mtumishi. Ulikuwa umesimama ubavuni mwangu."

"Nilisikia."

"Basi hiki ndicho cha kupozea."

Danson alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Hiki? Loise, huyu ni mtu. Ni damu ya Sarah."

"Nikimchukua nitakuwa nimemwambia Mungu nimechoka kumngoja. Kwamba basi, na abaki na chake."

"Na ukimwacha, utakuwa umemwambiaje?"

Loise alirudi kuchagua mchele, akitupa chuya nje, na Danson aliketi palepale mpaka giza likaingia, kisha akaenda kufunga kuku.

Msimdhanie Loise kuwa mwanamke mwenye roho ngumu. Siku ya pili alikwenda kwa mama mkwe wake na sabuni, sukari na kanga mpya ya kumfunikia mtoto. Alimkuta hapo Gumato, mama wa Kiorma aliyezoea kuwauzia maziwa. Tangu msiba ule Gumato alikuwa akipitia nyumba hiyo kila asubuhi na kibuyu chake, anachemsha maziwa mwenyewe, anayazimua kwa maji, anamnywesha mtoto kwa kijiko, wala hataki kusikia habari ya malipo.

Bibi kipofu, aliposikia sauti ya mkwewe, alipapasa akamnyanyua mtoto na kumweka mapajani mwa Loise bila kuuliza. Mtoto alishika kidole cha Loise, akakishika kwa nguvu. Mikono ya Loise ilijikunja yenyewe ikamkumbatia, na kichwa kile kidogo kikapata mahali pake kwenye kiwiko kana kwamba palichongwa kwa ajili yake. Hapo Loise akaogopa. Aliona jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi, na wepesi huo akauita jaribu. Alimrudisha mtoto kwa Gumato upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Gumato alimpokea. Akamtazama Loise kitambo. "Wewe nataka mtoto miaka mingi," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sasa Mungu nakuletea mpaka mlangoni, wewe nasema si huyu?"

"Gumato, wewe huwezi kuelewa. Imani yetu na yenu si moja."

"Imani si moja," Gumato alikubali, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Lakini kulia ya mtoto ni moja. Mimi iko watoto saba. Wawili ni ya dada yangu, alikufa. Sasa ukiuliza mimi gani natoka tumbo hii, gani natoka ile, mimi iko nasahau."

Loise alikwenda zake akiwa amekasirika, na njia nzima aliomba apewe nguvu ya kusimama imara.

Aliyekuja kumchukua mtoto ni Josephine, dada mkubwa wa Danson. Huyu alikuwa mjane wa kule Tarasaa, ana watoto wake watano na meza ya mahamri na chai kando ya barabara ya Malindi. Alishuka asubuhi, akamwogesha mtoto, akamfunga mgongoni kwa ile ile kanga mpya ya Loise, akanywa maji. Alipokuwa akiondoka alipita kwa Loise na kusema maneno machache. "Wifi, tubaki na amani." Mtoto akaitwa Maurine.

Mwaka uliofuata Loise akapata mimba.

Nani asingeamini? Kijiji kizima kilishangilia. Loise alisimama kanisani, tumbo limeanza kuonekana, akatoa ushuhuda wa namna alivyojaribiwa na cha kupozea akakikataa, na watu wakalia kwa furaha. Danson alikuwa ameketi upande wa wanaume. Alipiga makofi pamoja na wenzake, lakini macho aliyaweka chini.

Mimba ilipofika mwezi wa saba chupa ilipasuka shambani, jua la saa sita, na mtoto akazaliwa amekwisha kufa. Mvulana. Danson alimchimbia mahali penye kivuli, nyuma ya migomba, akamlaza huko mwenyewe. Loise hakutoka ndani kwa muda mrefu.

Alipotoka, alimwendea mwinjilisti wa kanisa lao, Mzee Iha, akamuuliza, "Nimekosea wapi? Nilingoja kama nilivyoambiwa."

Iha aliguna, akavua kofia, akaikunja. "Mama Loise, mimi sijui. Nikikuambia najua nitakuwa nakuongopea, na tuko kanisani."

Loise alimchukia kwa jibu lile. Alitaka aambiwe kwamba ni adui, au ni dhambi, au ni jaribu la mwisho kabla ya baraka, jambo lolote ambalo mtu angeweza kulishika. Miaka baadaye, katika maneno yote aliyoambiwa wakati ule, ni hilo peke yake aliloweza kulikumbuka bila kuumia.

Aliendelea kuombea watu. Walimjia kama zamani, naye alipiga magoti kama zamani, na sauti ilikuwa ile ile. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba sauti ilibaki ikiomba na mwenyewe hayumo. Kwa ajili ya tumbo lake hakuomba tena, wala hakuacha kungoja. Alikuwa kama mtu aliyekaa stendi baada ya gari la mwisho kupita, haondoki kwa sababu hajui aende wapi.

Na Tarasaa hakwenda. Danson alikwenda. Kila mavuno alichukua mkungu wa ndizi au mchele mpya, wakati wa maembe akajaza gunia, akasimama barabarani akingoja pikipiki. Aliporudi jioni, Loise alimwekea maji ya kuoga na chakula. Kisha akamuuliza, "Barabara ikoje?"

"Si mbaya. Pale bondeni imekatika kidogo."

Mwaka baada ya mwaka waliizungumza barabara ile. Danson alijifunza kuelezea mashimo yake, mvua zake na vumbi lake. Mara chache alikuwa kama anayengoja swali lingine, na Loise akainuka kwenda kuosha sahani. Hakuwa akimchukia yule mtoto. Angewezaje kumwangalia usoni? Angemwona yeye, kisha angemwona yule wa nyuma ya migomba, na asingejua alilie yupi.

Miaka ikaenda hivyo. Nywele zikaanza kuingia mvi. Mama mkwe akafariki. Tumbo likafunga kama lifungavyo la kila mwanamke, na siku Loise alipoelewa kwamba limefunga hakulia. Alishangaa tu kwamba kungoja kunaweza kwisha bila mtu kuja kukuambia.

Kisha yakaja mafuriko. Si ya kawaida, yale ya kunenepesha mashamba na kurudi mtoni. Haya yalikuja na hayakutaka kurudi. Mpunga ulizama, migomba ikaanguka mmoja mmoja, kaburi dogo likafunikwa pamoja na kila kitu, na watu wakatoka na walichoweza kubeba vichwani. Danson na Loise walifika Minjila kwenye ardhi ya juu, wakapewa hema la turubai miongoni mwa mahema mengi. Waorma nao walikuwa wamesogeza ng'ombe wao huko huko, na upande wa pili wa uwanja Loise alimwona Gumato, amezeeka, amekaa na wajukuu. Waliamkiana kwa mikono miwili, wakapeana pole. Habari za zamani hakuna aliyezigusa.

Siku ya tatu au ya nne Loise alishikwa na homa. Malaria ya maji ya mafuriko, si mchezo. Danson alikwenda zahanati akarudi na dawa, akakaa mlangoni mwa hema asijue la kufanya, maana wanaume wengi wakiona mke yu chini huwa kama watoto. Ndipo akampigia simu dada yake Josephine.

Loise alifumbua macho mchana mmoja akahisi kitambaa cha baridi usoni. Aliyekuwa akimpangusa alikuwa msichana mrefu, shingo nyembamba, amefunga kilemba cha manjano. Loise alimtambua mara moja na akashangaa, kwa kuwa alijua huyo alikwisha kuzikwa.

"Sarah?"

"Sarah alikuwa mama yangu," msichana alisema, bila kuacha kupangusa. "Mimi Maurine. Mama amenituma nije na uji na samaki. Mjomba alisema umezidiwa."

Alikaa siku hizo zote. Alimwosha Loise kama mtu aliyezoea kuosha wagonjwa, akamgeuza, akamlazimisha kunywa dawa, akamsema alipoitema. Akafua nguo za mjomba wake. Jioni alikwenda kwa Gumato kuomba maziwa, akarudi akicheka kwa mambo aliyosikia huko. Loise alimtazama kutoka mkekani. Alimwona akitembea, akaona anaweka mguu kama Danson, vidole vimeelekea nje kidogo, na hilo hakuna aliyewahi kumwambia. Ni nani angemwambia, ikiwa hakuuliza?

Homa iliposhuka, asubuhi moja yenye jua, Maurine alikuwa akichambua mboga mlangoni. Danson alikuwa amekwenda kupanga foleni ya unga. Msichana alisema, bila kuinua kichwa:

"Mkaza mjomba, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Mjomba hajawahi kuniambia, na mama hataki lisemwe. Nilisikia kwa watu nikiwa darasa la sita. Kwamba wewe ndiye uliyekuwa unichukue ukanikataa. Ni kweli?"

Loise angeweza kusema habari za mhubiri. Maneno yale alikuwa nayo bado, neno kwa neno. Yalimjia mdomoni akayaona yamekuwa madogo.

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja mtoto."

Maurine aliacha kuchambua. Aliwaza, kisha akauliza, si kwa hasira, ila kama mtu anayetaka kuelewa hesabu: "Na mimi sikuwa mtoto?"

"Ulikuwa," Loise akasema. "Ulikuwa mtoto."

Alilia, na kilio kikamzidi nguvu kwa sababu ya udhaifu wa ugonjwa. Maurine alikuja akamweka kichwa sawa juu ya mto. "Usilie, homa itapanda tena. Mimi sikulala njaa. Wala sikukosa wa kunichapa nikikosea." Akacheka. "Mama mkono wake mzito! Wale wenzangu watano walikuwa wananisukuma mbele, eti kwa kuwa mimi mdogo nitahurumiwa. Wapi!"

Kicheko kile ndicho kilichomchoma Loise. Kwa miaka yote alikuwa ameogopa siku ambayo mtoto huyu angemlaumu, na kwa siri alikuwa ameitamani pia, maana anayekulaumu kuna kitu anachokudai, na deni laweza kulipwa. Maurine hakudai. Alikuwa na mama, alikuwa na ndugu, hadithi zake zilikuwa zimejaa. Pengo halikuwa upande ule. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Loise hakujaliwa mtoto, lakini mjukuu huyo alimpata, akamkalia mapajani mchana kutwa.

Usiku na mchana uliofuata alirudia jambo moja akilini. Hakuweza kusema kwamba Maurine ndiye aliyekuwa jibu la maombi yake. Wazo kwamba Mungu alimwondoa Sarah ili amjaze Loise mikono lilimtisha, akalisukuma mbali. Huyo asingekuwa Mungu aliyemwomba maisha yake yote. Alijua hili tu: mtoto aliletwa mlangoni analia, naye alikuwa ameangalia mbali barabarani, akimtazamia mwingine. Na huko kuangalia mbali alikuita imani.

Maji yalipopungua na njia kufunguka, kabla hata hawajajenga jiko upya, Loise alimwambia mumewe, "Leo nakwenda Tarasaa."

Danson aliweka jembe chini. "Twende wote?"

"Nataka kwenda peke yangu."

Alimkuta Josephine kwenye meza yake, amenenepa, miguu imevimba, anakanda unga. Josephine alimvutia kiti, akammiminia chai, akaendelea kukanda.

"Wifi," Loise akaanza, "nimekuja kwa ajili ya lile la Maurine."

"Najua. Ameniambia mmezungumza."

"Ulinikasirikia?"

"Unataka nikudanganye? Nilikukasirikia mwaka mzima. Nikiwa na usingizi, huyu analia, mimi nakulaani kwa jina. Kisha akaanza kutembea, nikakosa nafasi." Aligeuza donge la unga. "Unajua wiki ile Sarah alipokufa nilikuwa naomba nini? Nilikuwa nimepiga magoti hapo nyuma ya hili banda. Watoto watano, baba yao hayuko. Nikasema, Bwana, nipunguzie. Nilipoinuka simu ikalia, ni msiba."

"Na akakupunguzia?"

"Akaniongeza! Mpaka leo sijui alinisikia vipi." Josephine alicheka mpaka bega likatikisika. "Lakini huyo ndiye anayenipaka dawa miguu hii. Wengine wametawanyika. Basi mimi sisemi kitu."

Loise alishika kikombe kwa mikono miwili. "Sikuja kumwomba."

"Vizuri, wifi, kwa maana mtoto ni wangu. Nasema mapema tusije tukakosana." Sauti haikuwa kali, lakini ilikuwa imesimama. "Mje kama watu wa kwao. Mlango uko wazi. Ila usije kama mama."

"Nimesikia."

"Kunywa chai, inapoa."

Tangu siku ile Loise alianza kwenda Tarasaa. Alijifunza vitu ambavyo kila mtu alivijua: kwamba Maurine hali bamia, kwamba alipokuwa mdogo aliogopa ng'ombe, kwamba alipata kovu la kidevuni alipoanguka kutoka mti wa jirani. Alizipokea habari hizo kama mgeni anayeonyeshwa picha za sherehe ambayo hakuhudhuria. Wakati mwingine alizidisha zawadi, na Josephine akazirudisha nusu. Wakati mwingine aliona Maurine amechoka na maswali yake, akajizuia.

Maombi yake nayo yalibadilika, wala si kwa namna ambayo angeweza kutolea ushuhuda. Zamani alikuwa akimwonyesha Mungu picha ya anachokitaka, na umbo lake, na wakati wake. Sasa alipiga magoti akakaa kimya muda mrefu, mpaka akina mama wa kanisa wakadhani amesinzia. Mke mmoja kijana, mgeni kijijini, alimjia akimwomba amwombee apate mtoto. Loise alimshika mkono. "Nitaomba nawe," alimwambia. "Nitaomba kila siku. Lakini sitakuambia atakuja lini wala atakuja vipi, na mtu akikuambia anajua, usimpe masikio yako yote." Kijana yule aliondoka hakuridhika. Alitaka maneno ya moto. Loise alimtazama akienda, akamhurumia, akamtaja mbele za Mungu siku hiyo na siku nyingine zote.

Maurine alipata nafasi ya kusomea uuguzi Malindi. Siku ya kuondoka Loise alitayarisha mchele na samaki wa kukaushwa, lakini pikipiki iliharibika njiani, na alipofika Tarasaa meza ilikuwa imefunikwa na Josephine amekaa barazani anajipepea kwa kipande cha katoni.

"Ameondoka sasa hivi," Josephine alisema. "Aliangalia nyuma mara mbili, akaambiwa gari halingoji."

Walipiga simu. Sauti ya Maurine ilikuja imechanganyika na muziki wa gari. "Mkaza mjomba! Pole, nilikungoja. Krismasi nitapita huko kwenu, nitakuja niwaone."

Krismasi hakuja. Alikuwa na zamu hospitalini, kisha alifika Tarasaa siku moja tu kumwona mama yake akarudi. Loise alikuwa amepaka udongo mpya ukutani na kununua godoro. Loise alitandua shuka, akaikunja, akaitia sandukuni. Aliona ajabu kwamba hakuhisi kudanganywa. Ilimuuma, ndiyo, lakini maumivu yalikuwa safi, ya kumkosa mtu anayejulikana kwa jina.

Pasaka alikuja. Hakutoa habari. Walimwona tu anashuka pikipiki jua la saa nne, begi dogo begani, amekonda, macho mekundu kwa kukesha na wagonjwa. Alikula wali na kambare sahani mbili. Alizungumza na mjomba wake habari za shamba, akauliza kama mpunga umeshika baada ya ule udongo ulioletwa na mafuriko. Kisha akasema anajinyoosha kidogo, akalala mkekani barazani, na usingizi ukamchukua papo hapo, mdomo wazi, mkono mmoja umeangukia sakafuni.

Loise alivuta kigoda akakaa kando yake. Nzi walikuwa wengi kwa sababu ya maembe yaliyooza, akawa anawafukuza kwa ncha ya kanga. Alitazama lile kovu la kidevuni. Aliwaza jinsi uso huo ulivyolala usingizi wa mchana namna hii kwa miaka yote ile, umri wa mwaka mmoja, umri wa miaka mitano, umri wa miaka kumi, mwendo mfupi tu wa barabara kutoka hapa, na yeye hayuko. Hakuna maombi yanayoweza kurudisha hata mchana mmoja. Alilijua hilo, akaketi nalo. Mkono wake uliendelea kufukuza nzi.

Jua lilipoanza kulegea Maurine aliamka ghafla, akatazama simu yake. "Haya, nimelala sana! Mama ananingoja Tarasaa, na kesho alfajiri narudi zamu." Alinawa uso, akanywa chai akiwa amesimama. Loise alimfungia maembe mazuri kwenye mfuko, akamtolea na ya Josephine, akamsindikiza mpaka barabarani.

"Nikipata likizo tena nitapita," Maurine alisema akipanda pikipiki. "Siwezi kusema lini."

"Usiseme lini, mwanangu," Loise alijibu, na neno lile la mwisho lilipomtoka aliogopa kidogo. Lakini ni neno ambalo mtu mzima yeyote humwambia kijana yeyote, na Maurine hakulitilia maanani. Alimpungia mkono.

Danson alikuwa akifunga kamba uani aliporudi. "Ameondoka?"

"Ameondoka," Loise akasema. "Amekwenda kwao."

Akaingia ndani kuwasha moto wa chakula cha jioni.